Wajibu wa Kusaidia katika Ukanda wa Dhahabu

Mtu mwenye moyo wa kusaidia na mfuko wenye kikomo hukutana na swali lisilokwepeka: kati ya shida zote zinazomzunguka, ni zipi azibebe kama zake? Swali hili ni la falsafa kwa sababu hesabu ya fedha peke yake hailijibu, na ni la dini kwa sababu Uislamu na Ukristo, dini zinazofuatwa na wengi Afrika Mashariki, zote zimelitolea mafundisho. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita linajitokeza kwa ukali wa pekee, kwani huko dhahabu na ufukara vinakaa ujirani. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Pembeni mwa migodi hiyo wachimbaji wadogo kwa maelfu hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa kamba na tochi. Na katika eneo hilohilo wamo watoto wenye ualbino waliowindwa kama wanyama, vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wasichana walioozwa kabla ya kukomaa, watoto wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, na ardhi iliyokaribia kuwa jangwa. Kila shida ina watetezi wake. Hakuna mtu awezaye kuzitetea zote kwa nguvu sawa.

Jibu la kale kuliko yote ni ukaribu: mtu humsaidia kwanza aliye wake. Miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, ukaribu huo haukuachwa uwe hisia tu, uliwekewa utaratibu. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa usiku, kila mwanamume anayeusikia hutakiwa kuamka, kushika silaha yake na kukimbilia unakotokea, huku naye akiupaza ili wa mbali zaidi wausikie. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi na msaada wa polisi ukawa mbali, vijiji vya Shinyanga na Tabora vilijenga juu ya utaratibu huo jeshi la jadi la Sungusungu, ambalo baadaye serikali ililitambua kisheria. Asiyeitikia mwano alitozwa faini. Akikaidi, alitengwa: hapati wa kumsalimu, hapati wa kumwazima jembe, na akifiwa haji mtu msibani. Hapa pana jambo ambalo mijadala mingi ya leo kuhusu kutoa hulipita haraka. Kumsaidia jirani aliye hatarini hakukuhesabiwa kuwa wema wa ziada unaomstahilisha mtu sifa. Kulikuwa deni la kila siku, na anayelikwepa alikuwa amejitoa mwenyewe katika jamii ya watu.

Ila mduara unaowakumbatia walio ndani una ukingo, na nje ya ukingo huo kuna watu. Katika miongo ileile ambayo Sungusungu ilikuwa ikiwarudisha ng'ombe walioibwa, Usukumani kulikuwa na wanawake wazee waliokatwa mapanga wakiwa vitandani mwao. Wengi walikuwa wajane, wakiishi peke yao, macho yao yakiwa mekundu. Na macho hayo yalichukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Sababu yenyewe ilikuwa jikoni. Miti ilipokwisha, mapishi yalihamia kwenye mabua na mavi makavu ya ng'ombe, na mwanamke aliyepuliza moto wa namna hiyo kwa miaka 40 ndani ya nyumba isiyo na dirisha hana jinsi ya kuwa na macho meupe. Mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba la urithi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za miaka ya mwanzo ya 2010, kilihesabu mamia ya watu waliouawa kila mwaka nchini kwa imani za kishirikina, na Kanda ya Ziwa ikitajwa mara kwa mara. Baya zaidi ni kwamba katika baadhi ya vijiji walinzi walewale wa jadi walishiriki kuwafukuza wanawake waliotajwa na waganga. Mshikamano uliomlinda mwenye zizi ndio uliomtoa bibi kizee nje ya kijiji. Kwa hiyo ukaribu, pamoja na nguvu zake zote, hauwezi kuwa kanuni pekee. Anayeangalia walio wake tu huwaachia wengine waamue nani ni wake.

Dini hazikufuta kanuni ya ukaribu. Ziliivunjia ukiritimba wake. Mapokeo ya Kiislamu yanafundisha kwamba sadaka anayopewa ndugu ina thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Hata hivyo, sura ya Tawba inapotaja mafungu manane ya wanaostahili zaka, inawaingiza wenye madeni, watumwa wanaotafuta uhuru na msafiri aliyeishiwa njiani, watu ambao mtoaji huenda hakupata kuwaona kabla ya siku hiyo. Katika Injili ya Luka, mwanasheria anamuuliza Yesu jirani yake ni nani, akitaka mpaka uchorwe. Jibu ni hadithi ya Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, anayemhudumia majeruhi barabarani. Mwishoni swali linageuzwa, likawa ni nani aliyekuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alijaribu kuyapatanisha mambo haya mawili. Alifundisha kwamba upendo una mpangilio, na walio karibu hutangulia, lakini mpangilio huo hulegea pale mgeni anapokuwa katika shida ya kufa na kupona huku ndugu akiwa na shida ndogo. Kwa kipimo hicho, ada ya harusi ya binamu haiwezi kutangulia uhai wa kikongwe wa kijiji cha pili. Kanuni ni rahisi kuisema. Kuifuata mbele ya kikao cha ukoo chenye daftari la michango ni kazi nyingine.

Ukiondoa ukaribu, kipimo kinachofuata ni ukubwa wa shida. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala aliyoitoa mwaka 1972 wakati wa njaa ya Bengali, aliuliza hivi: mtu anayepita kando ya kidimbwi akamwona mtoto anazama, je, anaweza kusita kwa sababu nguo zake zitachafuka? Hakuna anayekubali. Kama ndivyo, aliendelea, umbali hauwezi kuwa udhuru wa kumwacha mtoto mwingine afe kwa kukosa kitu cha bei ya nguo hizo. Hoja imebishaniwa kwa zaidi ya nusu karne, lakini katika ukanda wa dhahabu si mfano wa kubuni. Machimbo yaliyoachwa hujaa maji wakati wa masika, na mashimo hayo ni hatari kwa watoto na mifugo. Hapo panaonekana upungufu wa mfano wenyewe. Katika kidimbwi cha Singer hakuna anayeuliza nani alichimba shimo. Kwenye machimbo, hilo ndilo swali la kwanza la mwenye akili timamu, na anayemwokoa mtoto leo bila kufukia shimo ameiacha kazi nusu.

Kanuni ya ukubwa wa shida ina ugumu mwingine, nao ni kwamba macho ya binadamu hayapimi vizuri. Mwaka 2015 wachimbaji walifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari hizo zilitembea dunia nzima. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walikwama mgodini, na kwa siku kadhaa nchi ilifuatilia hadi wote walipotoka salama. Hakuna aliyehesabu gharama, na haikufaa kuhesabu. Mtu aliye shimoni, mwenye jina, anayesubiriwa na mkewe mdomoni mwa duara, huamsha huruma isiyohitaji hoja. Tofauti na hao, mtoto anayevuta mvuke wa zebaki kila jioni hana siku ya ajali. Haumwi ghafla. Mikono huanza kutetemeka, masomo humshinda, na walimu husema ni mzito wa kuelewa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013 iliyohusu machimbo ya Chunya, Kahama na Geita ilieleza watoto walioshuka mashimoni na walioshika zebaki kwa mikono, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18. Kengele kwa ajili yao haikulia kama ilivyolia kwa waliofukiwa.

Suala la watu wenye ualbino linaionyesha tofauti hii ndani ya kundi moja. Kuanzia mwaka 2006 hivi, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na wimbi la mauaji ya kinyama yaliyofanywa ili kupata viungo vya miili yao. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwanzoni mwa 2015, baada ya matukio mapya, serikali ilipiga marufuku waganga wasiosajiliwa. Mwezi mmoja baadaye mtoto mdogo aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 75 walikuwa wameuawa nchini tangu mwaka 2000. Dunia iliamka, na ilistahili kuamka. Lakini kwa miaka yote hiyo muuaji mkubwa zaidi wa watu wenye ualbino alikuwa jua. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huanza kuungua utotoni, na saratani ya ngozi huwamaliza wengi wakiwa bado vijana, bila panga na bila gazeti. Kinga yake inajulikana: kofia pana, mikono mirefu, kazi ya kivulini, uchunguzi wa mara kwa mara, na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC kwa ajili yao. Fedha za kumnunulia mtoto mmoja mafuta hayo kwa mwaka ni kidogo. Ni shida isiyovuta picha, na mtu anayetaka kusaidia kwa dhati anapaswa kujiuliza ni mara ngapi picha ndiyo iliyomchagulia.

Shinyanga Manispaa ina mfano mwingine wa kuwaza. Shule ya Buhangija, iliyokuwa ikipokea watoto wasioona, iligeuka kimbilio la watoto wenye ualbino, na wakati wa hofu kubwa ilikuwa na mamia yao. Wafadhili walileta magodoro, vyakula, nguo. Walinzi waliwekwa. Watoto walipona, na uhai uliookolewa hauna hesabu ya kurudishiwa. Ila mtoto aliyeletwa akiwa na miaka minne akakulia nyuma ya ukuta alianza kusahau sura ya mama yake, na wazazi wengine waliacha kuja. Msaada wa namna hii humaliza nusu ya kwanza ya wajibu, nusu inayopigiwa makofi. Nusu ya pili ni ndefu na haina sherehe: kukaa na kijiji alikotoka mtoto, kumfuatilia mganga na mteja wake, kumwandaa baba aliyeambiwa kwamba mtoto huyo ni nuksi, mpaka nyumbani pawe mahali pa kurudi. Anayeichukua shida kama yake huichukua pamoja na nusu hiyo.

Na hapa ndipo kanuni ya tatu inapojitokeza, ile ambayo katika nchi ya dhahabu ina uzito kuliko mbili zilizotangulia: deni. Mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha uchunguzi wao kuhusu uhusiano wa machimbo, uganga na mauaji ya watu wenye ualbino. Walionyesha kwamba soko la hirizi za viungo vya binadamu lilifungamana na wachimbaji waliosaka bahati, na waganga walioiuza bahati hiyo. Uchimbaji mdogo ni kazi ya kubahatisha: watu wawili huchimba maduara yaliyotenganishwa na hatua kumi, mmoja akatoka na nyumba ya bati na gari, mwingine akatoka na madeni. Pengo hilo lisiloelezeka ndilo duka la mganga. Ikiwa ndivyo, basi utetezi wa watoto wenye ualbino si jambo la huruma ya hiari kwa mwenye duara wa Geita au Kahama kama lilivyo kwa mtu wa Mtwara. Hata kama mikono yake ni safi, anaishi ndani ya biashara iliyozaa soko lile. Anazijua njia zake, anawajua waganga wanaozunguka machimboni, na neno lake kwa wachimbaji wake lina nguvu kuliko kongamano la siku tatu mjini.

Deni linaonekana wazi zaidi kwenye mialo, ambako mawe hugeuka pesa. Jiwe lililopandishwa kutoka kwenye duara husagwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hadi liwe unga. Unga huoshwa kwa maji kwenye ubao ulioinama uliotandikwa magunia au mazulia, na mchanga mzito hubaki kwenye nyuzi. Mchanga huo huwekwa kwenye beseni, hutiwa zebaki, na mtu huanza kuuchanganya kwa kiganja, taratibu, mpaka zebaki iimeze dhahabu. Kisha donge la rangi ya fedha hukamuliwa ndani ya kitambaa na kuwekwa juu ya mkaa. Zebaki hupaa ikawa mvuke usioonekana. Dhahabu hubaki, ya manjano na yenye vitundu. Mara nyingi moto huo huwa uani, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya ugali, na mwanamke anayeupepea ana mtoto mgongoni au tumboni. Zebaki hudhuru ubongo unaokua kuliko kitu kingine chochote mwilini. Iliyobaki huenda na maji machafu hadi mitoni na kwenye majaruba. Kipande kile kikipimwa kwenye mizani ya mnunuzi, bei yake hufuata soko la dunia. Gharama ya mvuke haimo kwenye bei. Imelipwa na yule mama.

Mafundisho ya kidini kuhusu mali yanakubaliana na mantiki ya deni kuliko inavyodhaniwa. Kurani inasema kwamba katika mali za wacha Mungu imo haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Anayetoa anamfikishia mtu kilicho chake. Wanasheria wa Kiislamu walilifikisha wazo hilo hadi mgodini. Katika madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, dhahabu inayochimbwa ikifikia nisabu, kiwango cha chini cha takriban gramu 85, hutolewa zaka ya asilimia 2.5 papo hapo, bila kusubiri mwaka upite kama inavyosubiriwa kwa akiba. Madhehebu ya Hanafi yanadai moja ya tano. Na hazina ya kale iliyofukiwa, anayeibahatisha hutoa moja ya tano kwa makubaliano ya wengi. Msingi wa tofauti hizo, kwa maelezo ya wanazuoni, ni jasho: kadiri mtu alivyopata kwa taabu ndogo, ndivyo haki ya wengine katika mali hiyo inavyokua, kama ilivyo kwa mazao ya mvua yanayotozwa sehemu ya kumi na ya kumwagilia yanayotozwa nusu yake. Ni kanuni yenye busara kubwa kwa mahali ambapo mtu anaweza kulala maskini na kuamka tajiri. Kwa upande wa Ukristo, Ambrosi wa Milano alifundisha katika karne ya 4 kwamba tajiri anayempa maskini hampi cha kwake bali anamrudishia. Papa Paulo wa Sita aliyarejelea maneno hayo katika waraka wake wa kijamii wa Machi 1967. Mwezi mmoja na nusu kabla yake, Azimio la Arusha lilikuwa limetangaza kwamba njia kuu za uchumi ni za wote. Sera za Azimio zilibadilika. Swali la nani mwenye mali iliyo chini ya ardhi halijabadilika.

Kampuni za madini nazo zimo katika hesabu hii. Mgodi wa Geita tangu mwaka 2002 umekuwa ukiandaa kampeni ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na umechangia pia kituo cha watoto yatima mjini Geita. Hayo ni mema, na waliopona kwa ajili yake wanayo sababu ya kushukuru. Kwa muda mrefu, hata hivyo, kampuni ndiyo iliyochagua impe nani, lini, na mbele ya kamera zipi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalibadili msimamo huo: mwenye leseni anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Kimaadili hiyo ni hatua kubwa. Jambo lililokuwa ihsani limekuwa deni lenye mdai, mdaiwa na daftari. Bado kuna hatari ya aina mbili. Halmashauri inaweza kutumia fedha hizo kwa majengo ya kuonekana huku mashimo yakibaki wazi. Na kampuni inaweza kudhani darasa jipya linafidia shamba lililochukuliwa au maji yaliyochafuka. Fidia na msaada ni mambo mawili. Aliyemvunjia mtu ukuta hawezi kumletea zawadi ya sukari akasema wamemalizana.

Baada ya kujua anadaiwa nini, mtu anabaki na suala la nani aongoze. Historia ya ardhi ya Shinyanga inafundisha vizuri kuliko vitabu. Wakati wa ukoloni, mapori yalifyekwa kwa amri ili kuwaua mbung'o na kupanua malisho. Kilimo cha pamba kikaongeza kasi, na uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 ukavunja uangalizi wa zamani. Katika miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umefikia kuitwa jangwa la Tanzania. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilianza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway, na mwanzoni ilijaribu njia ya kawaida ya wataalamu: vitalu na miche ya kupanda. Mafanikio yalikuja iliporudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuliacha eneo la malisho lipumzike masika yote ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Miti ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Hekta 600 hivi za ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 kabla programu haijafungwa mwaka 2004. Fedha zilitoka mbali, na zilihitajika. Lakini wajuzi wa jambo walikuwa wazee wa kijiji, na kanuni za nani aingize ng'ombe na lini zilisimamiwa na vikao vyao. Kuni zilirudi, na pamoja nazo moshi wa mavi ya ng'ombe ukapungua katika jiko la yule kikongwe.

Kuwasikiliza wenye shida si sawa na kuwasikiliza wenye sauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliiweka Shinyanga juu kabisa kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Mahari ni ng'ombe, na katika mwaka wa ukame binti ni njia ya kulijaza zizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Wapo waliosema hayo ni mambo ya watu wa mjini kuingilia mila. Pingamizi hilo lina nguvu pale linapokataa dharau, halina nguvu linapokuwa la baba peke yake. Katika kikao kinachopanga mahari, anayebeba mzigo wote hana kiti. Mtetezi kutoka nje ana haki ya kusema pale anapompa nafasi ya kusema yule aliyenyamazishwa, na haki hiyo huisha pale anapoanza kusema badala yake.

Linabaki suala gumu kuliko mengine, la mdaiwa ambaye naye ni maskini. Mwenye karasha dogo pale Kahama anachafua kisima cha jirani, na ni kweli kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kutetemeka mikono. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unazitaka nchi zipunguze matumizi yake kwenye uchimbaji mdogo; lakini chombo cha kunasa mvuke kina bei, kuchenjua kwa sayanaidi kunahitaji mtaji na kuna sumu yake, na siku ambayo mkaa hauwashwi ndiyo siku ambayo watoto hawali. Wajibu wake hupimwa kwa uwezo wake. Anaweza kuhamisha moto mbali na jiko na watoto, na kumkataza mjamzito kuushika mchanga huo. Hayo hayamgharimu chochote, hivyo hana udhuru. Kumlipia chombo, kumfundisha kukitumia na kumpa bei nzuri dhahabu iliyosafishwa bila kumwua mtu si mzigo wake peke yake. Deni hilo linapanda kufuata njia ileile inayopitiwa na dhahabu: kwa mwenye duara anayechukua sehemu yake ya mawe, kwa mnunuzi aliye kwenye soko la Geita lililofunguliwa Machi 2019, kwa halmashauri inayotoza ushuru na serikali inayotoza mrabaha, kwa msafishaji wa Dubai, na kwa bibi harusi wa Dar es Salaam au London mwenye pete kidoleni. Kila mmoja wao anadaiwa kwa kadiri ya kile alichopata.